Barabara kuu inayo nafasi: barua ya wazi kwa wanaopanga njia ya baiskeli mtaani kwetu

Waheshimiwa wa mipango miji na barabara,

YAH: NJIA YA BAISKELI INAYOPENDEKEZWA KUPITA MTAANI KWETU

Michoro yenu tumeiona. Tuliipiga picha ubaoni, tukatumiana kwenye simu, kisha tukaitisha kikao cha wakazi. Kikao hakikuwa shwari. Walikuwepo wanaokwenda kazini kwa baiskeli kila siku na waliokuja wakiwa wamekasirika kabla hata ya kuketi. Walikuwepo pia wazazi waliotaka kujua jambo moja tu, kama mtoto wa miaka minane ataweza kuipita njia hiyo peke yake. Mimi nilipewa kalamu kwa sababu sikuwa nimepiga kelele sana. Yaliyomo humu ni yale ambayo hata waliogombana usiku ule waliyakubali kwa pamoja. Pale nitakapotoa maoni ambayo wenzangu hawakuyakubali wote, nitasema.

Hatupingi baiskeli. Tunajua kila barua ya namna hii huanza na maneno hayo kisha hupinga baiskeli kurasa tatu mfululizo, kwa hiyo tutasema mapema tunachotaka. Tunataka njia ya baiskeli ijengwe kwenye barabara kuu, ambako ndiko waendesha baiskeli wanakobanwa na magari. Ikiwa ni lazima ipite kwetu, basi ipite kweli: magari yanayokatiza mtaani kukwepa foleni yaondolewe kwanza, barabara ibaki ya wakazi, wageni wao na baiskeli. Mchoro wenu haufanyi lolote kati ya hayo mawili. Umeiacha barabara kuu kama ilivyo, umeyaacha magari yanayokatiza kama yalivyo, halafu katika kinachosalia umechora mstari wa rangi. Huo ndio tunaoukataa.

Tuanze na vipimo. Mtaa wetu una mita 7 kutoka ukingo hadi ukingo. Mmetenga mita 2.5 kwa njia ya baiskeli ya pande mbili, upande mmoja wa barabara. Mmeacha maegesho upande wa pili, nayo huchukua mita 2. Zinazobaki ni mita 2.5 kwa magari yote, yaendayo na yarudiyo. Gari la zimamoto lina upana wa takriban mita 2.5 kabla hujahesabu vioo vya pembeni. Kwa hiyo siku nyumba ikiwaka moto, gari hilo litapita juu ya njia ya baiskeli au halitapita kabisa, na ikiwa mtajenga ukingo wa zege kutenganisha njia, kama maelezo yenu yanavyosema, basi jibu ni la pili. Magari mawili madogo yakikutana katikati ya mtaa, moja litarudi nyuma mpaka kwenye makutano, au litapanda ukingo. Sisi tunaoishi hapa tunajua lipi litatokea.

Hizo mita 2.5 za baiskeli nazo zina maneno. Miongozo ya Uholanzi, ambayo wahandisi wa nchi nyingi huikimbilia wanapotaka mfano, hukubali kipimo hicho kwa njia ya pande mbili pale wanapopita watu wachache. Pale wanapotarajiwa wengi, hutaka mita 3.5 hadi 4. Maelezo yenu yanaiita njia hii "mhimili mkuu" wa baiskeli wa eneo zima. Haiwezi kuwa mhimili mkuu kwenye maneno na uchochoro kwenye vipimo. Mtu anayeendesha baiskeli hanyooki kama reli. Huyumba kidogo, hasa anapoanza na anapopanda mwinuko, na kwa hiyo huhitaji karibu mita nzima. Baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku la kubebea mizigo au watoto ina upana unaokaribia sentimita 90 ikiwa imesimama. Wakutane wawili wa namna hiyo, na nyuma ya mmoja wao yupo kijana mwenye haraka anayetaka kupita.

Lipo pia suala la milango ya magari, ambalo kwenye mchoro halipo kabisa. Katika kipande cha kwanza, kabla maegesho hayajahamia upande wa pili, njia inapita ikiwa imegusana na magari yaliyoegeshwa. Mlango wa gari ukifunguliwa hukata karibu mita nzima ya njia. Dereva anacho kioo cha kutazamia nyuma; abiria wa nyuma hana, na mara nyingi ni mtoto. Mwongozo wa usanifu wa njia za baiskeli uliotolewa Uingereza mwaka 2020 unataka angalau nusu mita iachwe wazi kati ya gari lililoegeshwa na njia ya baiskeli. Nyinyi hamkuacha hata sentimita kumi.

Sasa tuje kwenye swali ambalo ndilo kiini cha barua hii. Kwa nini kwetu?

Maelezo yenu yanajibu kwa neno moja: utulivu. Mtaa wetu, mnasema, una magari machache na mwendo mdogo, kwa hiyo unafaa. Ukitafakari kidogo utaona kwamba hiyo ndiyo sababu ya kutoanzia hapa. Mwendesha baiskeli anahitaji kinga pale penye magari mengi yanayokwenda kasi. Barabara kuu inayopita sambamba nasi ndiyo yenye ofisi, shule, zahanati, maduka na vituo vya mabasi. Safari za watu huishia huko. Mtu anayekwenda kazini hata akipita kwetu mwanzo hadi mwisho, itambidi arudi barabara kuu kumalizia safari, na atafika huko penye hatari bila kinga yoyote.

Wala hatopita kwetu. Njia mliyochora inapinda mara tano kati ya mwanzo na mwisho wake, na katika kila kona inampa gari kipaumbele. Dereva akisimama hukanyaga tena mafuta akaendelea. Mwendesha baiskeli akisimama huanza upya kwa nguvu za miguu yake, na kwa hiyo huhesabu vituo kuliko mtu mwingine yeyote barabarani. Waholanzi wana vigezo vitano vya njia nzuri ya baiskeli: iungane na nyingine, iwe ya moja kwa moja, iwe salama, isimchoshe mtu, na ipendeze kuipita. Hii inaanguka katika kigezo cha kwanza na cha pili kabla hatujafika kwenye usalama.

Wanawake waliokuwa kikaoni waliongeza jambo ambalo nadhani halikuwahi kusemwa mezani kwenu. Usiku, hawapiti mitaa ya nyuma. Hata kama kuna taa. Wanapita barabara kuu kwa sababu kuna watu, maduka yako wazi, na mtu akipiga kelele atasikika. Njia ya baiskeli iliyofichwa nyuma ya nyumba huwa njia ya mchana tu kwa nusu ya watu mnaotaka waitumie. Mmoja wao alisema angependelea kubanwa na basi kuliko kufuatwa na mtu asiyemjua kwenye mtaa mtupu. Ni uchaguzi mbaya, na mchoro huu unauacha hivyo hivyo.

Sababu ya kweli ya kuchagua mtaa wetu haikuandikwa, lakini inasomeka. Kuweka njia kwenye barabara kuu kungemaanisha kuchukua safu moja ya magari, au safu ya maegesho, na hapo mngesikia kelele za watu wenye sauti kubwa kuliko sisi. Kwetu ilionekana rahisi. Tunaelewa ugumu huo, na hatuandiki haya kwa kejeli. Lakini kama mradi unahitaji ujasiri, hauwezi kutimizwa kwa kuuhamishia mahali ambapo ujasiri hauhitajiki.

Haya yameshatokea kwingine na matokeo yake yanajulikana. Uholanzi haikuzaliwa na njia za baiskeli. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa kwenye barabara za nchi hiyo, wakiwemo watoto zaidi ya 400, na wazazi wakaingia mitaani kudai watoto wao waache kuuawa. Serikali ikaanza kwa tahadhari: katikati ya miaka ya 1970 ikajenga njia za mfano, moja Tilburg na nyingine Den Haag. Zilikuwa nzuri, pana kuliko hii mnayotuletea, na waliozipita walizisifu. Lakini tathmini zilionyesha kwamba wengi wao walikuwa wamehama tu kutoka mitaa ya jirani. Njia moja, hata ikiwa nzuri, haikuwatoa watu kwenye magari. Ndipo Delft katika miaka ya 1980 ikafanya tofauti: ikaunganisha mji mzima, njia kubwa na ndogo, madaraja na vipande vilivyokuwa vimekatika. Hapo ndipo somo lilipopatikana.

Sevilla, Uhispania, ililiwahi somo hilo. Kati ya mwaka 2006 na 2007 ilijenga takriban kilomita 80 zilizounganika, nyingi zikiwa kandokando ya barabara zenye shughuli, na baiskeli ambazo zilikuwa karibu hazionekani mjini zikawa jambo la kawaida ndani ya miaka michache. Najua mhandisi wenu ataniambia kwamba njia za Sevilla nazo ni za pande mbili na nyembamba. Ni kweli, na wenyewe wanalalamika. Lakini zilikwenda mahali watu walikokuwa wanakwenda, na zilikamilika kwa mkupuo, kabla wapinzani hawajapata nafasi ya kupiga picha njia tupu na kusema tuliwaambia. Njia yetu itakuwa tupu, waheshimiwa, na picha hiyo itatumika kuwanyima waendesha baiskeli njia nyingine kwa miaka mingi. Wanaopanda baiskeli miongoni mwetu ndio waliolisema hili kwa uchungu zaidi.

Turudi mtaani. Makutano.

Njia ya pande mbili iliyowekwa upande mmoja wa barabara ina kasoro inayojulikana kwa kila anayefanya kazi hii. Dereva anayetoka njia ndogo hutazama upande ambao magari hutokea. Baiskeli inayokuja kutoka upande wa pili, upande ambao hajazoea kutazamia kitu cho chote chenye mwendo, haimo machoni mwake. Anayeingia kutoka barabara kubwa naye anapiga kona akiangalia magari yaliyo mbele yake, na baiskeli inatokea nyuma ya bega. Ajali nyingi za baiskeli na magari mijini hutokea kwenye makutano, si katikati ya njia iliyonyooka. Sasa tazameni mchoro wenu: umetumia nguvu zote kwenye vipande vilivyonyooka, na kwenye kila makutano njia inageuka kuwa vistari vya nukta nukta. Mahali penye hatari ndipo rangi inapokatika.

Zipo namna za kulitengeneza hili na si ngeni kwenu. Kivuko cha baiskeli huinuliwa kama tuta, usawa na njia ya miguu, ili gari lipunguze mwendo likipenda lisipende. Kivuko husogezwa ndani ya njia ndogo kiasi cha mita 5, urefu wa gari moja, ili anayekata kona aweze kusimama na kutazama bila kuziba barabara nyuma yake. Magari yasiegeshwe karibu na pembe. Hayo yote yanahitaji nafasi na fedha. Na mageti ya nyumba je? Kila nyumba upande ule ina gari linalotoka kinyumenyume asubuhi, muda ule ule ambao mnatarajia baiskeli ziwe nyingi. Kwenye mchoro nyumba zetu zimeonyeshwa kama visanduku vya kijivu visivyo na milango.

Kipande cha mwisho ndicho kilichotuumiza zaidi, na hapa hata wale wasiojali habari za maegesho wala baiskeli walisimama kuongea. Pale mtaa unapokuwa mwembamba, mmeipandisha njia ya baiskeli juu ya njia ya waenda kwa miguu, "ya matumizi ya pamoja", mkaweka alama ya mtu na baiskeli na kuondoka.

Mtu anayetembea huenda kilomita 5 kwa saa, mzee chini ya hapo. Baiskeli ya umeme katika nchi za Umoja wa Ulaya husaidiwa na mota mpaka kilomita 25 kwa saa, na mwenye miguu mizuri anaweza kufika huko bila mota. Haina mlio. Jirani yetu asiyeona hutembea kwa fimbo nyeupe akifuata ukingo wa njia. Ukingo ndio unaomwambia hapa ni pangu, pale ni pa magari. Mkiondoa tofauti ya kimo na kuacha tofauti ya rangi, mmemwondolea alama yake yote. Yeye mwenyewe alituambia kikaoni kwamba magari hayamtishi sana, kwa sababu anayasikia na anajua yanapita wapi. Kinachomtisha ni kitu kimya kinachopita mahali popote. Nadhani katika kikao kizima hakuna sentensi iliyofunga midomo ya watu kama hiyo.

Wapo pia wenye viti vya magurudumu, wapo wanaosukuma vigari vya watoto, wapo watoto wenyewe ambao hutoka getini mbio bila kutazama kwa sababu mpaka leo getini pao ni mahali pa kutembea. Mwongozo ule wa Uingereza nilioutaja unasema baiskeli ihesabiwe kuwa chombo cha usafiri na isichanganywe na waenda kwa miguu kwenye mitaa ya mjini. Kama nafasi haitoshi, anayepaswa kupunguziwa ni aliye na nafasi kubwa kuliko wote. Huyo ni gari. Nyinyi mmempunguzia anayetembea.

Mambo madogo nitayapitia haraka. Mifuniko ya mitaro upande ule ina matundu marefu yanayoelekea njia iendako. Gurudumu jembamba likiingia hapo halitoki na mtu wake. Ibadilishwe au izungushwe. Ukingo wa zege mnaotaka kuuweka utazuia maji ya mvua yasifike kwenye mitaro hiyo, na njia ya baiskeli itakuwa ndiyo mtaro mpya. Siku ya taka mapipa huwekwa pembezoni, yaani juu ya njia yenu, na gari la taka husimama kila nyumba. Rangi hufutika. Majani na mchanga hujaa kwenye njia iliyotengwa kwa ukingo kwa sababu gari kubwa la kufagia haliingii humo. Je, mna dogo? Na pikipiki zitaingia, hilo msijidanganye. Dawa yake ya haraka ni kuweka vizuizi mlangoni mwa njia, lakini vikibana kiasi cha kuzuia pikipiki huzuia pia kiti cha magurudumu na baiskeli ya magurudumu matatu. Nguzo zenye nafasi ya mita 1.5 kati yake hupitisha wanaostahili na huzuia magari tu. Pikipiki inabaki kazi ya usimamizi, na usimamizi haumo kwenye bajeti mliyoitoa.

Maegesho nimeyaacha mpaka hapa kwa makusudi, ingawa ndiyo yaliyochukua muda mrefu zaidi kikaoni. Hapa natoa maoni yangu, na wapo majirani ambao hawatafurahi. Hakuna aliyenunua barabara pamoja na nyumba yake. Sehemu ya kuweka gari mbele ya geti ni ya umma, na umma una haki ya kuitumia kwa jambo jingine. Kama mngetuletea njia nzuri iliyokamilika na kutuomba maegesho yote, ningesimama kuwatetea, na ningezomewa. Lakini tofautisheni gari linalolala mtaani siku nzima na gari linalosimama dakika kumi kumshusha mgonjwa, fundi mwenye vifaa, au anayehamisha vitu vya nyumba. Watu wenye ulemavu wanahitaji nafasi zao karibu na mlango na zisihamishwe. Mizigo inahitaji nafasi zake zenye muda maalumu. Mchoro umefuta nafasi kumi na mbili katika kipande cha kwanza bila kutofautisha lolote, na hayo ndiyo yaliyowafanya watu ambao wangekubaliana nanyi wawe wapinzani wenu.

Basi tuseme mmesikia yote na bado mnasema barabara kuu haiwezekani kwa sasa. Ipo njia ya kupita kwetu, na wengi wetu tungeipokea. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tatizo letu la miaka yote ni magari yasiyo ya hapa. Asubuhi na jioni, foleni ikijaa barabara kuu, madereva huingia kwetu kutafuta mkato, na kwa kuwa wamekasirishwa na foleni hukimbia. Zuieni mkato huo. Wekeni vizuizi mahali viwili vitatu ili gari liweze kufika kila nyumba lakini lisiweze kutoka upande wa pili, wakati baiskeli na miguu vinapita moja kwa moja. Magari yakipungua, hakuna haja ya njia tofauti, hakuna haja ya ukingo wa zege, hakuna haja ya kumpandisha mtu kwenye njia ya miguu. Barabara yote mita 7 inakuwa ya kupitia, na maegesho mengi yanabaki. Mwongozo wa Uingereza unakubali baiskeli na magari yachangie barabara pale magari yasipozidi kama 2,500 kwa siku na mwendo ukiwa mdogo. Uholanzi ina mitaa mingi ya hivyo, lami yake ikiwa nyekundu kama ya njia ya baiskeli, na kibao kinachomwambia dereva kwamba hapa yeye ni mgeni. Sambamba na hilo mwendo uwe kilomita 30 kwa saa, kiwango ambacho Azimio la Stockholm la usalama barabarani la Februari 2020 lililiomba kila taifa likiweke pale magari yanapochanganyika na watu wa miguu na baiskeli. Graz, Austria, ilifanya hivyo tangu 1992. Lakini kibao cha 30 peke yake hakimpunguzi mtu mwendo. Mpunguzeni kwa matuta na kwa kuibana barabara.

Tunajua vizuizi vya namna hii huleta vita. Waltham Forest, jijini London, mwaka 2015, waandamanaji walibeba jeneza mtaani kuomboleza kifo cha eneo lao. Eneo halikufa, na leo viongozi wa miji mingine huenda kulitazama. Nimeliandika hili makusudi, ili msije mkadhani hatujui kwamba wakazi wenye hasira huweza kukosea. Ila kilichofanya kazi pale kilikuwa ni kuondoa magari yanayokatiza, na kilifanywa eneo zima. Miaka mitano baadaye, mwaka 2020, sehemu nyingine za jiji hilo hilo zilipanga masanduku ya maua barabarani yawe vizuizi, kwa haraka ya dharura ya UVIKO-19, maoni ya watu yakaulizwa baadaye, watu wa magari ya wagonjwa wakalalamika kwamba hawakuambiwa, na baadhi ya halmashauri ziliyang'oa muda si mrefu. Kazi ya vizuizi ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa ni nani aliulizwa na lini.

Kwa hiyo jaribuni kwanza. Bogotá imekuwa ikifunga barabara zake kwa magari kila Jumapili tangu 1974, zaidi ya kilomita 120 siku hizi, na magari hurudi mchana bila kuharibika chochote. Mwaka 2020 mji huo na Paris zilitumia koni na vizuizi vya muda kutengeneza njia za baiskeli ndani ya siku chache, na Paris ikazigeuza nyingi kuwa za kudumu baada ya kuona zinavyotumika. Koni haigharimu kama zege, na ikikosewa husogezwa. Tupeni miezi sita ya majaribio yenye vizuizi vya kusogezeka, ambavyo zimamoto na magari ya wagonjwa wana ufunguo wake, wakiwa wameulizwa kabla.

Lakini jaribio bila hesabu ya kabla si jaribio. Mnasema mtaa una magari machache, tuonyesheni namba. Mlihesabu lini, siku gani ya wiki, saa ngapi, shule zikiwa zimefunguliwa au likizo? Mwendo wa magari ulipimwa wapi? Baiskeli ngapi zinapita barabara kuu hivi sasa, na ngapi kwetu? Na muhimu zaidi, semeni mapema ni matokeo gani yatakayowafanya mseme jaribio limefanikiwa, na yapi yatawafanya mviondoe vizuizi. Tukikubaliana hayo kabla, hatutagombana baadaye juu ya maana ya namba.

Tangazo lenu limetoa wiki mbili za maoni, na muda huo umeangukia wakati watu wengi wamesafiri. Tunaomba uongezwe mpaka pale hesabu hizo zitakapotolewa hadharani. Tunaomba pia mchoro wa pili, unaoonyesha njia hiyo hiyo ikiwa kwenye barabara kuu, pamoja na gharama yake na idadi ya nafasi za maegesho zitakazoondoka, ili watu wa mji mzima waone ni nini kinachopimwa dhidi ya nini. Kama mchoro huo ulishawahi kufanywa na ukawekwa kabatini, utoeni.

Na kabla ya yote, njooni mtembee nasi. Saa moja na nusu asubuhi, siku ya shule, kutoka mwanzo wa njia mpaka kile kipande cha mwisho. Aje mhandisi aliyechora, aje mtu wa zimamoto, na kama mnayo baiskeli ya magurudumu matatu mje nayo. Jirani yetu mwenye fimbo nyeupe amekubali kutangulia. Futi ya kupimia tutaleta sisi. Tupeni tarehe kwa maandishi ndani ya wiki hii, nasi tutaibandika kwenye ubao ule ule mlikobandika michoro.

Wenu,
kwa niaba ya wakazi wa mtaa,
Mwandishi wa kikao